Neno "Isivyo Halali": Uhakiki wa Vifungu vya Sheria Kuhusu Utoaji Mimba

Utangulizi

Katika masomo ya theolojia tumezoea kuihakiki matini ya Biblia. Tunauliza iliandikwa lini, kwa ajili ya nani, ilitoka katika mapokeo gani, na neno moja lina uzito gani katika sentensi. Matini ya sheria ya nchi ni mara chache tunaitendea hivyo. Tunaipokea kama tunavyopokea jua na mvua, kisha tunaitumia mimbarani kana kwamba ni nyongeza ya Amri ya Tano. Kwa habari ya utoaji mimba desturi hii imekuwa na madhara. Wachungaji wengi huhubiri kwamba sheria ya nchi na sheria ya Mungu zinasema neno moja, wala hawajapata kuvisoma vifungu vyenyewe.

Katika makala hii tunakusudia kuvisoma. Tutatazama vifungu vya Kanuni ya Adhabu ya Tanzania (Sura ya 16), tukifuata namba za toleo la 2022, yaani kifungu cha 150, 151, 152, 219 na 230. Tunataka kuonyesha mambo mawili. Kwanza, vifungu hivi vinasimamia jambo la kweli, lakini vimeandikwa kwa namna ambayo haimlindi vema mtoto wala mama. Pili, Kanisa limeiazima fimbo ya vifungu hivi na kuitumia ndani ya usharika, na kwa kufanya hivyo limechanganya tawala mbili ambazo Luther alijitahidi kuzitenganisha.

1. Matini yenyewe

Kifungu cha 150 kinamhusu mtu mwingine asiye mwenye mimba. Yeyote anayempa mwanamke kitu chenye madhara, au kutumia nguvu au njia nyingine, kwa kusudi la kuharibu mimba isivyo halali, anaweza kufungwa miaka 14. Kifungu kinaongeza kwamba si hoja mwanamke huyo awe na mimba au asiwe nayo. Kifungu cha 151 kinamhusu mwanamke mwenyewe: akijifanyia tendo hilo, au akikubali kufanyiwa, anaweza kufungwa miaka 7. Kifungu cha 152 kinamhusu anayetoa dawa au chombo huku akijua matumizi yake, naye anaweza kufungwa miaka 3.

Mbali kidogo na hapo, katika sura ya makosa mengine, kuna kifungu cha 219. Hiki kinamwadhibu kwa kifungo cha hadi maisha mtu anayemwua kwa makusudi mtoto awezaye kuzaliwa hai kabla hajatengana na mama yake, na mimba ya majuma 28 au zaidi inatosha kuwa ushahidi wa awali kwamba mtoto alikuwa amefikia hali hiyo. Lakini kifungu hiki kinamwachia asiye na hatia mtu aliyetenda kwa nia njema ili kuokoa uhai wa mama tu. Hatimaye, katika kifungu cha 230, tunasoma kwamba hana hatia anayefanya upasuaji kwa nia njema, kwa uangalifu na ustadi wa kutosha, kwa faida ya mgonjwa, au juu ya mtoto asiyezaliwa ili kuokoa uhai wa mama, mradi upasuaji huo unafaa kwa kadiri ya hali ilivyo.

Msomaji makini ataona jambo la kwanza bila shida. Uzito wote wa vifungu vitatu vya mwanzo umening'inia juu ya maneno mawili: isivyo halali. Maneno hayo yanadai kwamba kuna utoaji mimba ulio halali, la sivyo yasingehitajika. Lakini hakuna hata kimoja katika vifungu hivyo vitatu kinachosema ni upi. Atakaye kujua ni lazima apekue kurasa nyingi hadi afike 219 na 230, na huko atakuta kwamba kimoja kinasema juu ya uhai wa mama tu, na kingine kinatanguliza maneno mapana zaidi, yaani faida ya mgonjwa.

Jambo la pili linamgusa mwanatheolojia zaidi. Kifungu cha 150 kinamwadhibu mtendaji hata kama mwanamke hakuwa na mimba. Basi ni nani anayelindwa pale ambapo hapana mtoto? Matini inaadhibu nia na tendo. Mtoto hatajwi kama mtu wa kulindwa mpaka tufike kifungu cha 219. Wanaosema mimbarani kwamba vifungu hivi ni ungamo la taifa juu ya utakatifu wa uhai wanavipa sifa ambayo vyenyewe havikuidai.

2. Asili ya matini

Matini hii haikuzaliwa hapa. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza Waingereza walipoanza kuitawala Tanganyika walileta kwanza Kanuni ya Adhabu ya India, iliyotungwa mwaka 1860. Ndipo mwaka 1930 wakaweka kanuni mpya, iliyofuata mfano uliotoka Queensland huko Australia na kupitia Nigeria. Maneno ya vifungu vya 150 hadi 152 yana chimbuko lake katika sheria ya Uingereza ya mwaka 1861. Kifungu cha 219 kinafuata sheria nyingine ya Uingereza, ya mwaka 1929.

Ulinganisho unafundisha. Kanuni ya India, pamoja na ukali wake, iliweka ruhusa ndani ya kifungu kile kile cha kosa: kutoa mimba ni kosa isipokuwa kumefanyika kwa nia njema ili kuokoa uhai wa mwanamke. Aliyesoma katazo alisoma na ruhusa. Kanuni ya mwaka 1930 ilivunja umoja huo, ikaweka katazo mahali pamoja na ruhusa mahali pengine. Kwa hiyo katika jambo hili sheria ya kwanza ilikuwa wazi kuliko iliyoifuata.

Huko Uingereza kwenyewe neno "isivyo halali" lilisumbua hadi mwaka 1938. Mwaka huo daktari Aleck Bourne wa London alimtoa mimba binti wa miaka 14 aliyekuwa amebakwa na askari, kisha akajitoa mwenyewe mbele ya vyombo vya sheria ili jambo liamuliwe waziwazi. Jaji Macnaghten aliwaeleza wazee wa baraza kwamba neno hilo halikuwekwa bure, na kwamba uhai na afya haviwezi kutenganishwa kama vitu viwili visivyohusiana. Daktari halazimiki kungoja mpaka mgonjwa awe anakata roho. Bourne aliachiwa huru. Mwaka 1959 Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki, katika shauri lililotoka Kenya, ilifuata njia hiyo hiyo. Uingereza ilitunga sheria mpya mwaka 1967. Kenya iliandika katika Katiba yake ya mwaka 2010, ibara ya 26, kwamba utoaji mimba hauruhusiwi ila pale ambapo mtaalamu wa afya anaona kuna haja ya matibabu ya dharura, au uhai au afya ya mama imo hatarini. Sisi tumebaki na maneno ya mwaka 1930, na ufunguo wake umo katika vitabu vya hukumu ambavyo mganga wa zahanati ya kijijini hana.

Kuna pia Itifaki ya Maputo ya mwaka 2003 juu ya haki za wanawake katika Afrika. Tanzania iliiridhia mwaka 2007. Ibara yake ya 14 inazitaka nchi kuruhusu utoaji mimba wa kitabibu katika ubakaji, katika kujamiiana kwa maharimu, na pale ambapo uhai au afya ya mama imo hatarini. Lakini kwa utaratibu wetu mkataba hauwi sheria mahakamani mpaka Bunge litunge sheria ya kuutekeleza, na Kanuni ya Adhabu haikubadilishwa. Kwa hiyo taifa limetia sahihi jambo moja na limeacha jingine kitabuni.

3. Anayeonekana na asiyeonekana

Katika uhakiki wa masimulizi ya Biblia tunawafundisha wanafunzi kuuliza ni nani hasemi na nani hatajwi. Tukiuliza hivyo hapa tunamwona mwanamke, tunamwona mtendaji, tunamwona mtoa dawa. Mwanamume aliyetia mimba haonekani kama mwanamume. Anaweza kuingia matinini kwa mlango wa kusaidia kosa, kama ametoa fedha au amekwenda kununua dawa. Lakini yule aliyeikana mimba, akahama mtaa, akamwachia binti aibu na njaa, huyo sheria haimjui. Daudi na Bathsheba walipopatikana, nabii alikwenda kwa Daudi. Matini yetu inakwenda kwa Bathsheba.

Haionekani pia tofauti kati ya mtu mzima na mtoto. Tangu Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998, mwanamume anayelala na binti wa chini ya miaka 18 asiye mke wake ametenda kosa la kubaka, hata kama binti alikubali, na adhabu yake ya kawaida haipungui miaka 30. Kwa kifungu hicho binti ni mhanga. Lakini binti yuyo huyo, kwa hofu ya baba yake, akinywa alichopewa na shangazi ili mimba itoke, kifungu cha 151 kinamwita mhalifu. Sheria moja inasema hakuwa na uwezo wa kukubali tendo lenyewe. Nyingine inamdai awe na uwezo wa kubeba peke yake matokeo yake.

Kwa miaka mingi shule nazo ziliongeza mzigo huu. Binti aliyeonekana ana mimba alifukuzwa, na kanuni za mwaka 2002 zilitumiwa kuhalalisha jambo hilo, mpaka Novemba 2021 Serikali ilipotangaza kwamba wanaojifungua waweza kurudi shuleni. Kwa muda wote huo binti aliwekwa kati ya milango miwili. Akiitunza mimba, shule imefungwa. Akiitoa, gereza limefunguliwa. Atakayeshangaa kwamba wengi walipita dirishani, kwa mizizi, vijiti na vidonge vya kuuziwa gizani, hajaitazama nyumba ilivyojengwa.

Utafiti uliofanyika nchini mwaka 2013 ulikadiria kwamba mimba zipatazo 405,000 zilitolewa mwaka huo, na kwamba wanawake wapatao 66,600 walitibiwa katika vituo vya afya kwa madhara yake. Makadirio ni makadirio. Hata hivyo yanatosha kutuonyesha kwamba hatuzungumzi juu ya wapotovu wachache walio nje ya sharika zetu.

4. Maandiko na mapokeo

Wako watakaosema kwamba tunamtetea mwenye dhambi. Basi tuseme wazi msimamo wetu. Zaburi ya 139, wito wa Yeremia, na kuruka kwa Yohana tumboni mwa Elisabeti vinatufundisha kwamba Mungu anamjua mtu kabla hajaonekana na jicho la mwanadamu. Didake na mababa wa Kanisa walikataa utoaji mimba katika dunia ya Kirumi iliyouona kuwa jambo dogo. Hatuna mamlaka ya kulegeza ushuhuda huo. Kwa sababu hiyo haturidhiki na wale wanaozungumza juu ya haki ya mwili wa mwanamke tu, kana kwamba aliye tumboni ni kiungo. Mjamzito ni jirani wawili katika mwili mmoja. Anayemwona mmoja tu bado hajaanza kufikiri kitheolojia.

Lakini mapokeo hayo hayo hayana sura moja kama tunavyodhani. Kutoka 21:22-25 inazungumza juu ya mwanamke aliyeumizwa na watu wanaopigana. Katika Kiebrania hukumu inategemea kama madhara yametokea. Katika tafsiri ya Kiyunani, Septuaginta, inategemea kama mtoto amekwisha kuumbika au la. Tofauti hiyo ya tafsiri iliongoza mafundisho ya Kanisa la Magharibi kwa karne nyingi. Tertuliani, aliyekuwa mkali kuliko wengi, anataja katika kitabu chake juu ya nafsi upasuaji wa kumtoa mtoto aliyelala vibaya ambaye angemwua mama yake, naye anauita ukatili wa lazima. Hakuuita wema, wala hakuuita uuaji wa kawaida. Alijua kwamba kuna saa ambapo kila njia ina damu. Kifungu cha 230 kinasimama mahali hapo hapo, na twapaswa kukishukuru kwa hilo.

Bonhoeffer katika Maadili yake anaita kuua uhai uliokwisha kuanza tumboni kuwa ni kuua. Lakini katika ukurasa uo huo anaonya kwamba tendo hilo laweza kuwa la mtu aliyekata tamaa, na kwamba pengine hatia ya jamii ni kubwa kuliko ya mwenyewe. Wengi wetu tunanukuu nusu ya kwanza na kuiacha ya pili. Huo si uhakiki mwaminifu.

5. Sheria yaweza nini?

Luther katika maandiko yake ya mwaka 1523 juu ya mamlaka ya dunia alifundisha kwamba upanga umewekwa kuzuia uovu wa nje na kulinda amani, wala haufiki katika nafsi. Hayo ndiyo matumizi ya kwanza ya sheria. Kwa hiyo sheria ya nchi haipimwi kwa ukubwa wa karipio lake, maana karipio ni kazi ya Neno. Inapimwa kwa swali hili: je, inazuia, na je, inalinda?

Mtu anaweza kutujibu kwamba wezi nao hawajaisha ingawa wizi ni kosa. Je, tufute sheria ya wizi? Hoja hii ina nguvu, na hatuwezi kuikwepa kwa takwimu pekee. Jibu letu ni hili. Katika wizi, tishio la adhabu halimdhuru aliyeibiwa. Katika jambo letu, tishio linamfikia mama anayevuja damu na kumwambia asiende hospitali, maana huko ataulizwa. Linamfikia mganga na kumwambia ampe rufaa aende mbali, maana hajui maana ya "isivyo halali". Tishio lililokusudiwa kuzuia kifo kimoja linaongeza cha pili, na cha kwanza hakikuzuilika. Hospitali za Kanisa zinajua habari hii kuliko mimbara za Kanisa, maana ni huko wanakoletwa usiku, wakiwa wamechelewa. Mwaka 2019 Rais wa Rwanda aliwasamehe wasichana na wanawake 367 waliokuwa wamehukumiwa kwa kutoa mimba, kushiriki katika kosa hilo, au kuua watoto wachanga. Hao ndio upanga unaowapata kwa wepesi: wasio na fedha wala wa kuwasemea.

Kwa hiyo hatuombi vifungu vifutwe vyote. Mwenye chumba cha nyuma anayechukua fedha za mabinti na kuwaachia usaha tumboni anastahili kifungu cha 150. Tunayoyapendekeza ni haya. Katazo na ruhusa viandikwe mahali pamoja, kwa Kiswahili ambacho mkunga atakielewa. Tangu mwaka 2021 Kiswahili ndicho lugha ya sheria zetu, na kazi ya kutafsiri ni nafasi njema ya kufafanua. Afya ya mama itajwe pamoja na uhai wake, kama mahakama zilivyokwisha kutambua. Kifungo cha mwanamke mwenyewe katika kifungu cha 151 kiondolewe. Na katika ubakaji wa mtoto, dola isimlazimishe kwa tishio la gereza kubeba mimba ya aliyemwumiza. Katika hili la mwisho tunajua kwamba ndugu wengi hawatakubaliana nasi. Tunawaomba watofautishe maswali mawili: lililo jema kulitenda, na linalostahili gereza. Mtu anaweza kumshauri binti kwa machozi aitunze mimba, na bado akakataa kumwita askari.

6. Fimbo iliyoazimwa

Tumalizie nyumbani. Katika sharika nyingi binti anayejulikana kuwa ametoa mimba hutengwa na Meza ya Bwana, na akitaka kurudi kundini husimama mbele ya watu. Mwanamume ameketi kwenye benchi, pengine katika kwaya. Tumechukua kifungu cha 151 tukakitia joho, hata kosa lake la kutomwona mwanamume tumelihifadhi.

Lakini Ungamo la Augsburg la mwaka 1530, katika kifungu cha 11, linatunza ungamo na ondoleo la faragha. Mchungaji anayesikia ungamo si mpelelezi wala mwandishi wa gazeti la mtaa. Matumizi ya pili ya sheria, yale ya kumfunulia mtu dhambi yake, yana mwisho wake katika Injili. Yakiishia katika aibu ya hadhara hayakufika. Tena katika Katekisimo Kubwa Luther anafafanua Amri ya Tano kwamba anayemwacha jirani afe kwa njaa au baridi huku akiweza kumsaidia, naye ameua. Kwa kipimo hicho usharika uliomfungia binti mlango kabla hajaamua umekwisha kuivunja amri hiyo kabla yake.

Mwaka 1542 Luther aliandika maneno ya faraja kwa wanawake ambao mimba zao hazikufika salama, akikataza wasihukumiwe. Hao si waliotoa mimba kwa makusudi, wala hatutaki kumpa Luther jambo asilolisema. Hata hivyo vijijini kwetu mwanamke ambaye mimba imemharibikia husengenywa kwamba ameitoa, na hofu ya sheria imewafanya wa kundi hili waogope hospitali pamoja na wale wengine. Mchungaji asiyeweza kuwatofautisha amrudie Luther.

Yafaa basi baraza la wazee limwite na mwanamume. Yafaa jimbo liwe na nyumba ambamo binti mwenye mimba atakaa bila kusimangwa, na mtu wa kumsindikiza kurudi shuleni, maana mlango huo sasa umefunguliwa. Yafaa tuwafundishe wakristo wetu kwamba kumtibu aliyetoa mimba si kosa, na kumchelewesha ni hatari. Haya yote hayahitaji Bunge. Vifungu vya Kanuni ya Adhabu vinangoja wabunge. Vya usharika vinatungoja sisi, na mkutano wa wazee upo kila mwezi.